Mama Mkwe Kando ya Tanuru

Ijumaa, 27 Desemba

Tanuru limekufa. Hapana. Limeuawa! Muuaji ni shemeji yangu Zenon, kaka mdogo wa mke wangu Slavka, fundi gesi mwenye leseni, mwenye gari lililoandikwa jina lake ubavuni na mdomo usiojua kufungwa. Jana alikuja kula. Akasikia tanuru letu la gesi, lile la kupashia nyumba joto, likikohoa huko chini ya nyumba, akateremka na tochi bila kukaribishwa. Alipopanda alikuwa akijifuta mikono kama daktari aliyetoka kupasua mtu. Akasema tumbo la chuma limepata ufa, moshi wa gesi unaweza kuingia kwenye hewa tunayovuta, na yeye hawezi kupata usingizi dada yake akilala humu. Akafunga gesi. Akaning'iniza kadi nyekundu kwenye bomba. Nyekundu! Hata ya njano hakuanza nayo.

Nje ni baridi ya kugandisha mate. Tumekaa na hita mbili za umeme, moja miguuni pangu, moja miguuni pa Slavka, na makoti juu.

Mimi mchezo wake naujua. Nyumba hii ilikuwa ya Mama Stefa, mama mkwe wangu, aliyefariki Aprili. Alimwachia Slavka. Zenon hakupata nyumba, sasa anaitaka karamu. Tarehe sita Januari, Usiku Mtakatifu, mkesha wa Krismasi kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu, ukoo mzima unakaa mezani nyota ya kwanza ikionekana, na hapa Dauphin, mji wetu mdogo wa Manitoba, mwenye meza hiyo ndiye mwenye ukoo. Slavka ameshatangaza mbele ya kina mama wote wa ukumbi wa kanisa kwamba mwaka huu karamu ni nyumbani kwa Mama, kwenye meza ya Mama. Zenon naye anakumbusha kila mtu kwamba kwake hata sakafu ina joto. Nyumba yetu ikibaki baridi, karamu inahamia kwake. Na ikihamia, hairudi.

Ameahidi kutuwekea tanuru jipya tarehe nne. Kama litafika. Kama kibali kitatoka. Kama mkaguzi atapatikana. Kama, kama, kama!

Slavka alilia akiwa amenipa mgongo, akijifanya anakata vitunguu. Vitunguu vilikuwa bado kwenye mfuko.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimelala mchana kutwa chini ya blanketi. Watu wenye wivu wataita uvivu. Mimi nilikuwa nafikiri.

Theluji ilikuwa inashuka taratibu dirishani, kubwakubwa, na ndani yake nikaona kila kitu. Nikaiona meza. Nikauona ukoo umejaa, watu wamevaa mashati tu, mashavu yamewaiva. Shangazi mmoja ananyoosha kiganja juu ya tundu la hewa ya moto sakafuni na kuuliza nani kaleta joto tamu namna hii. Kisha Slavka ananigeukia mimi, Osyp, na macho yale aliyoniangalia nayo kabla hatujaoana. Zenon anakula kimya kimya. Nikajisikia raha mpaka nikasahau kwamba vidole vya miguu sivihisi.

Nilipoamka uamuzi ulikuwa umeshafanyika. Tanuru naliweka mwenyewe.

Kuna nyumba ya shamba inavunjwa upande wa Ethelbert. Mwenyewe ananipa tanuru lake bure, mradi nilitoe kabla ya kesho mchana. Bado lina rangi! Kibali sihitaji. Kibali ni cha mtu asiyejiamini. Mimi maisha yangu yote nimefanya kazi kwenye maghala ya nafaka, nimekaza boliti kubwa kuliko kichwa cha Zenon.

Jumapili, 29 Desemba

Slavka kaenda ukumbini kukunja varenyky na wenzake, vile vya unga vyenye viazi ndani. Mimi nikalishusha tanuru kwa kigari cha theluji cha watoto wa jirani. Ngazini lilinitangulia. Lilisubiri chini.

Lile la zamani nimelisukuma kwenye kona na kulifunika shuka, kwa heshima. Jipya limekaa pale pale. Mabati ya kupitisha hewa hayakulingana, moja mraba, jingine duara, nikayapatanisha kwa mkanda wa gundi na maneno makali. Kadi nyekundu nimeitoa. Inanifaa kuwekea alama kwenye kitabu.

Matanuru ya siku hizi hayataki bomba la moshi la kupanda juu ya paa. Yanatoa moshi kwa bomba jeupe la plastiki linalopita ukutani. Nimetoboa ukuta. Nimetoboa pia rafu ya Mama Stefa ya matango ya siki, lakini kwa upande wa nyuma. Vipande vya bomba vinatakiwa kugandishwa kwa gundi maalumu. Gundi ninayo. Ila inanuka, na Slavka ana pua. Nikavisukuma tu kwa mkono, vikaingiana kama vidole vya wachumba. Nitavigandisha baada ya sikukuu.

Jumatatu, 30 Desemba

Siku kubwa!

Asubuhi gesi. Nimekaza viungo vyote, nikapaka maji ya sabuni kama nilivyowahi kumwona Zenon akifanya. Kwenye kiungo kimoja likatokea povu. Likakua polepole, duara kabisa, likabeba rangi zote, zambarau, kijani, dhahabu, na ndani yake nikaona dirisha dogo na theluji ndogo. Sijaona kitu kizuri kama kile tangu vuli. Nililitazama mpaka likapasuka. Ndipo nikakumbuka kwamba povu halikutakiwa kuwepo. Nikakaza tena.

Mchana umeme. Waya mweusi, waya mweupe, na mmoja mtupu wa ardhini. Nilizima swichi kuu kwanza, si mjinga. Nikaunganisha, nikawasha. Tanuru likavuta pumzi, likawaka moto wa buluu, likahesabu kidogo, likazima. Likawaka tena. Likazima tena. Kama mtu anayeingia chumbani na kusahau alichofuata. Nikakaa kwenye ngazi na kufikiri. Nyumba ile ya shamba ilikuwa na fundi wake, labda aligeuza. Labda mimi ndiye niliyegeuza. Nikazima, nikabadilisha mweusi na mweupe, nikawasha. Likawaka. Likaendelea kuwaka! Nilipiga magoti nikalibusu bati.

Slavka aliporudi alisimama mlangoni. Akavua kofia. Akavua glavu. Akavua koti, akalining'iniza, akasimama juu ya tundu la hewa mpaka gauni likajaa upepo. Nikamwambia ni siri yetu mpaka Usiku Mtakatifu, nataka nimwone Zenon uso wake. Akauliza kuhusu kibali. Nikasema kiko njiani. Sikudanganya. Vibali viko njiani kila siku, sikusema vya nani.

Akanishika mkono. Akasema basi karamu ni kwa Mama. Nilitaka kulia mimi sasa, na kitunguu sikuwa nacho hata cha kusingizia.

Jumanne, 31 Desemba

Tatizo. Tanuru linatoa pumzi.

Kwenye baridi hii, mvuke unaotoka kwenye bomba la ukutani unapanda mweupe mpaka juu ya paa, unang'aa kwenye jua, unaonekana toka barabarani. Nilisimama kuutazama, mzuri sana, unajikunja na kufunguka, nikaona farasi, nikaona kanisa lenye kuba. Kisha nikaliona gari la Zenon likipita mwisho wa mtaa. Katika mji huu watu wanasoma mvuke wa nyumba za wenzao kama gazeti. Akigeuza shingo tu, kwisha!

Nikapata dawa. Ukumbi ulituletea robota la nyasi kavu, lile la kutandika chini ya kitambaa cha meza ya karamu kukumbuka hori la Bethlehemu. Nimelisimamisha mbele ya bomba. Mvuke umekwisha. Ukipita barabarani unaona nyumba ya wacha Mungu na nyasi zao.

Jioni tanuru likazima. Nimechunguza. Ndani kuna kiswichi cha duara chenye mrija wa mpira, kazi yake kunusa kama moshi unatoka vizuri. Kisiporidhika kinazima kila kitu. Mbea! Sipendi kitu kinachoishi nyumbani mwangu na kuniripoti. Nimekiruka kwa kipande kifupi cha waya, umeme upite pembeni yake. Tangu hapo kimya, na joto tele.

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya. Kichwa kinagonga, na sikunywa chochote cha maana.

Kile king'ora cha ukutani ambacho Zenon alitupa kama zawadi ya jubilei ya fedha ya arusi yetu kimeanza kupiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Nikazunguka nyumba nzima. Haiungui. Nikakitoa betri. Kikaendelea kulia kidogo, kwa kinyongo. Nikakitupa kwenye theluji, na kule kikanyamaza mara moja. Kinajua chenyewe.

Paka amehama. Amekataa kabisa kuingia ndani, analala kwenye banda na koleo la theluji. Siku zote alikuwa upande wa Zenon.

Alasiri niliteremka kusikiliza tanuru. Ni raha kukaa nalo. Linanguruma chini chini, moto wa buluu unacheza nyuma ya kidirisha, hewa nzito, tamu, mikono inakuwa myepesi. Nikaegemea ukuta. Nilipofumbua macho, Mama Stefa alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kilemba chake cha maua kichwani, anakunja varenyky kwenye mapaja yake.

Sikushtuka. Huu ndio msimu wao. Hakuna mtu hapa asiyejua kwamba siku hizi wafu wanarudi kula na watu wao. Kwenye karamu tunamwekea marehemu sahani yake, na kiti unakipuliza kabla ya kukikalia, usije ukamkalia mtu. Kwa hiyo nilimsalimia tu, nikasogeza mguu apate nafasi. Amewahi siku tano, lakini na alipokuwa hai alikuwa anawahi.

Alhamisi, 2 Januari

Amekuja tena. Na amesema!

Miaka yote ya ndoa yangu Mama Stefa alinitaja kama "huyo". Huyo kala? Huyo bado amelala? Leo ameniangalia toka kwenye ndoo, macho laini, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa imejaa chumba kizima, akasema Osyp, mwanangu, una mikono ya dhahabu. Kisha akasema binti yake alichagua vizuri. Nikamwomba arudie. Akarudia!

Nililia kwa furaha mpaka nikalala, nikalala mpaka nikalia tena. Theluji ilikuwa inashuka ndani ya nyumba, haina baridi, na kila punje ilikuwa inanijua jina.

Slavka akaniita toka jikoni, sauti ya mbali. Nilipopanda, kwa mapumziko mawili ngazini, nikamkuta amekaa na unga mikononi, haukandi, anatabasamu. Akaniambia amemsikia Mama akiimba chumbani mwake, wimbo ule wa kubembelezea watoto. Kichwa kinamuuma, akasema, lakini hajali. Mashavu yake mekundu kama ya msichana. Hata kina mama wa ukumbini wamemuuliza anapaka nini.

Tulikaa mezani tumeshikana mikono, tunamsikiliza mama yake. Sidhani kama kuna watu wawili waliowahi kuwa na furaha namna ile katika jimbo zima la Manitoba.

Ijumaa, 3 Januari

Naandika kwenye kitanda cha hospitali. Pua ina mrija. Nitaeleza kwa utaratibu, kichwa kikiniruhusu.

Zenon alikuja mchana kusema tanuru lake limefika, kibali kimetoka, kesho anaanza. Akasimama mlangoni. Joto likampiga usoni. Akatuona tumevaa nguo nyepesi. Akauliza hili joto linatoka wapi.

Nilipanga kungoja karamu, lakini nafasi ilikuwa tamu mno. Nikamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba linatoka kwenye tanuru nililoliweka mimi. Akaanza kufoka, mimi ni mwehu, nimefungua gesi iliyofungwa, atanishtaki. Nikainua mkono. Nikamwambia shemeji, usijisumbue, kazi hii ina baraka za mama yako. Nikamweleza yote. Ndoo, kilemba, varenyky. Nikamweleza na ile ya mikono ya dhahabu.

Zenon akanyamaza. Kitu ambacho sijawahi kukiona. Akawa mweupe kama unga, nikajua ni wivu, nikafurahi.

Akauliza polepole, Mama yangu? Akakusifu wewe?

Nikasema naam. Mara mbili.

Akapiga kelele kwamba nyumba ina sumu! Akamnyanyua Slavka mzima mzima pamoja na kiti. Mimi akanivuta kwa ukosi. Tukatupwa kwenye theluji na kandambili za ndani, akarudi mwenyewe ameziba pua kwa shali kufunga gesi na kufungua madirisha. Niliketi kwenye theluji nikidai anirudishe, sikuwa nimemuaga Mama. Paka alikuwa juu ya banda, ananiangalia.

Wazima moto walikuja na kipimo chao. Mmoja akakisoma, akamwonyesha mwenzake, wote wakaniangalia mimi.

Jumamosi, 4 Januari

Zenon kanifafanulia. Amenifafanulia kwa sauti ambayo wodi nzima imefaidika.

Ati robota la nyasi liliziba pumzi ya tanuru. Ati kiswichi nilichokiita mbea ndicho kilichokuwa kinatuokoa, na mimi nikakinyamazisha. Moshi ulipokosa pa kutokea nje ukatokea kwenye viungo nisivyogandisha. Ni hewa ya sumu, haina rangi wala harufu, inamfanya mtu aumwe kichwa, asinzie, aone visivyokuwepo, na mwisho asiamke. King'ora kilikuwa kinasema hivyo hivyo kwa lugha yake. Akaniuliza mtu mwenye akili anachukuaje king'ora kinachomwambia toka nje, anakitoa nje king'ora, yeye anabaki ndani.

Swali zuri.

Akasema kitu kimoja tu kilichotuokoa ni kumjua mama yake. Ningesema Mama kanitukana, angeamini, angekunywa chai na kuondoka.

Wauguzi walicheka. Slavka hakucheka. Yuko kitanda cha pili, amelala ubavu, ameangalia dirisha. Nilimwomba msamaha kwa kutaka kumuua, ingawa sikutaka. Akasema si hilo. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba alimzika mama yake Aprili na akazoea, akaweza hata kupika supu yake nyekundu ya borsch bila kulia. Halafu mimi nikamrudishia sauti yake siku mbili, akaishika, akamwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia. Sasa anaambiwa alikuwa anaongea na moshi. Amezika mara mbili, akasema, na mara ya pili hata jeneza hakuna.

Nimewahi kutukanwa na watu wengi. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nilitamani king'ora kilie tena nipate kisingizio cha kutoka nje.

Jumapili, 5 Januari

Tumeruhusiwa. Tumefikia kwa Zenon. Sakafu kweli ina joto. Nilivaa soksi mbili nisilihisi.

Mezani mke wa Zenon akasema kwa huruma kwamba basi, karamu itafanyika hapa kwao, vyakula vihamishwe. Kila mtu akamwangalia Slavka. Slavka akakata mkate. Akasema sawa. Akasema sawa kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayekabidhi funguo.

Ndipo Zenon akasukuma sahani yake. Akasimama, akavaa suruali yake ya kazi palepale sebuleni mbele za watu, akasema dada, pumzika, meza ya Mama haihami. Akaondoka na vifaa vyake.

Nikamfuata garini. Akaniambia naruhusiwa kushika tochi, na kwamba nikigusa kingine chochote atanivunja kidole hicho. Basi nikashika tochi toka mchana mpaka usiku wa manane. Alilitoa tanuru langu, akaweka lake. Kila kiungo cha bomba jeupe alikisugua, akakipaka gundi, akakizungusha, akakishikilia kimya mpaka kikaganda. Bomba likainamishwa kidogo kurudi kwenye tanuru ili maji ya mvuke yasigande njiani. Mdomo wake nje ameupandisha juu kuliko theluji inavyofika. Waya mweusi na mweusi, mweupe na mweupe, wa ardhini chumani kabisa, swichi yake ya kuzimia juu ya ngazi pa kufikika. Viungo vya gesi akavipaka sabuni. Hakuna povu hata moja. Nilisikitika kidogo.

Alikuwa anafanya kazi huku midomo inacheza. Nikadhani ananitukana. Kumbe alikuwa anaimba ule wimbo wa kubembelezea watoto, bila kujua. Nilisahau tochi, mwanga ukahamia ukutani, akanifokea nimulike vizuri.

Jumatatu, 6 Januari

Asubuhi alikuja mkaguzi wa gesi, Bi Thorvaldson, mwanamke mrefu wa ukoo wa Waisilandi wa mji wa Gimli, asiye na maneno. Aliunganisha kipimo chake, akasubiri. Sindano haikusogea. Akaingiza kijiti chake kwenye bomba la kutolea moshi, akasoma. Akalivuta kila bomba kwa mkono. Akaliona robota langu, limeungua rangi upande mmoja, akamwuliza Zenon ni la nini. Zenon alifungua mdomo. Akaufunga. Akasema ni la karamu. Bi Thorvaldson akasaini.

Sijui kwa nini Zenon hakunisema. Nina wasiwasi na mtu huyu.

Nyota ilionekana juu ya paa la jirani, ndogo, kali. Ukoo wote ukaingia. Nyasi mpya chini ya kitambaa, ngano ya asali, borsch, samaki, vyakula vyote kumi na viwili vya desturi, na sahani tupu mahali pa Mama. Hewa ya moto ilikuwa inapanda toka sakafuni taratibu, mishumaa ikacheza. Watu wakavua makoti. Kila mtu akainama akapuliza kiti chake. Slavka alipuliza chake, kisha akaenda kwenye kile kitupu, akakishika mgongo, akapuliza polepole, muda mrefu, kama anayepoza uji wa mtoto. Hakulia. Alipokaa alikuwa anaonekana amechoka na mzima.

Shangazi akanyoosha kiganja juu ya tundu la hewa. Akauliza nani kaleta joto tamu namna hii!

Nikashusha pumzi. Slavka akaniangalia. Si yale macho. Ni macho ya mtu anayemwangalia mtoto karibu na jiko. Nikasema ni Zenon. Ilinitoka kama jino. Zenon alikuwa amekwishalala juu ya ngano yake, kijiko mkononi.

Jumanne, 7 Januari

Krismasi. Amani kwa wote.

Nyumba ina joto sawasawa. Kichwa hakiniumi. Paka amerudi. Usingizi wangu hauna kitu, mweusi tu toka mwanzo hadi mwisho, kama wa mtu wa benki. Mchana niliteremka kidogo kuangalia ndoo. Ndoo ni ndoo. Tanuru la Zenon linafanya kazi bila kumtazama mtu. Slavka alikuwa juu ya ngazi, akauliza natafuta nini. Nikasema tango la siki. Akabaki pale kidogo, akisikiliza pamoja nami. Kisha akasema twende, tutachelewa kanisani.

Kanisa lilijaa. Nyimbo, ubani, mishumaa, watu wamebanana na makoti yao mazito. Makoti! Nikaona kila neno la padri linatoka na mvuke. Mwisho wa ibada akasema kwa masikitiko kwamba tanuru kubwa la kanisa limeanza kukohoa, fundi wa kutoka mji mkubwa anaweza kuja wiki ijayo tu, na kama yupo muumini mwenye ujuzi wa mambo haya na aseme.

Nikamtazama Zenon. Ameegemea nguzo, amelala fofofo, mdomo wazi. Maskini amefanya kazi sana. Isingekuwa haki kumwamsha.

Nikafikiria kanisa lile. Miaka yote watu wa mji huu wamezikwa toka pale. Mama Stefa, wazazi wake, wangu, wote. Chumba cha chini ni kikubwa, kimetulia, kina ndoo nyingi. Sikufikiria lolote zaidi. Nilijisikia tu mwepesi.

Slavka aliudaka mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa nimeshanyoosha wa kulia. Padri amefurahi sana, ananingoja kesho asubuhi.